Haja ndogo ndani ya suti kavu: nepi, vali au zipu?

Mpiga mbizi anayekwenda kuona mabaki ya meli za Kijerumani huko Scapa Flow, kaskazini mwa Uskoti, hufungiwa zipu ya suti yake kavu mapema kuliko anavyodhani. Mashua hutoka bandari ya Stromness, nahodha hutaja saa ya kufika, watu huanza kuvaa wakiwa bado njiani, na kuanzia hapo mpaka mtu apandishwe tena sitahani na kufunguliwa zipu zinaweza kupita saa mbili au zaidi, hata kama majini kwenyewe hakukaa zaidi ya saa moja. Muda wote huo suti imembana kwa mipira ya shingoni na mikononi isiyopitisha maji, ndani amevaa nguo nene za joto, na juu amebeba mitungi, mikanda na vizito. Hakuna namna ya kujisaidia isipokuwa ile aliyoiandaa kabla ya kuvaa.

Wanaopiga mbizi Mafia, Pemba au Watamu hawalijui tatizo hili kwa sura hii. Maji ya huko huwa na nyuzi 25 hadi 29 kwa sehemu kubwa ya mwaka, suti inayovaliwa ni ile ya mpira inayoruhusu maji kupenya, na mtu akibanwa humaliza haja yake humo humo na kuisuuza suti baadaye pasipo yeyote kuuliza. Scapa Flow ina maji ya takriban nyuzi 6 mpaka 14 kutegemea msimu, na suti kavu hutegemea hewa na nguo zilizo kavu kumlinda mvaaji. Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ipatayo mara 25 ya ile ya hewa, kwa hiyo nguo za joto zikilowa mkojo, mtu hubaki na baridi mpaka mwisho wa mbizi, aibu ya sitahani ikiwa ndiyo sehemu ndogo ya hasara.

Njia zinazotumika, ukiacha ile ya kujizuia, ni nne: zipu ya haja ndogo, nepi ya watu wazima, vali ya mkojo (mlango mdogo pajani mwa suti unaoutoa mkojo nje) isiyosawazisha shinikizo, na vali ya mkojo inayosawazisha. Watu wengi huzilinganisha kwa bei au kwa jinsia ya mvaaji. Nionavyo mimi, maswali mawili hutangulia hayo: zipu yako itakaa imefungwa kwa muda gani, na je, jioni ukiwa umechoka na vidole vimekufa ganzi, utaisafisha vali au utaiacha mpaka kesho? Anayeyajibu haya bila kujidanganya atakuwa amekwisha kufanya sehemu kubwa ya uchaguzi.

Kwa nini kibofu hujaa haraka majini

Kubanwa majini hakuletwi na chai ya asubuhi peke yake. Mwili ukizama mpaka shingoni, mgandamizo wa maji husukuma damu kutoka miguuni na mikononi kuelekea kifuani, vyumba vya moyo hutanuka, na moyo huitikia kana kwamba damu imezidi: hutoa homoni inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji, huku ubongo nao ukipunguza homoni ile ambayo kwa kawaida huzuia mkojo usiwe mwingi. Baridi huongeza mzigo, kwa kuwa mishipa ya ngozi hujibana na damu zaidi hurudi katikati ya mwili. Suti kavu haizuii jambo hili, maana mgandamizo wa maji huufikia mwili kupitia kitambaa na hewa ya ndani vile vile. Kwa hiyo mtu aliyekwenda msalani muda mfupi kabla ya kuvaa anaweza kubanwa vibaya akiwa chini, na hiyo si dalili ya kibofu kibovu wala ya woga.

Wapo wanaolijibu hilo kwa kutokunywa chochote tangu usiku. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, nami ninaikataa bila kusita. Mpiga mbizi hupoteza maji kwa njia nyingine pia, kwa sababu hewa ya mtungini ni kavu na mtu anayesubiri sitahani ndani ya nguo nene hutokwa na jasho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwalinganisha nguruwe waliopungukiwa maji mwilini na wengine waliokuwa na maji ya kutosha, wote wakiwa wamepitishwa kwenye shinikizo kubwa, na wale waliopungukiwa walipatwa zaidi na ugonjwa mkali wa mgandamizo, ule unaoletwa na mapovu ya gesi mwilini shinikizo linaposhuka. Nguruwe si binadamu, na uhusiano huo kwa watu haujapimwa kwa uwazi kama huo. Hata hivyo wataalamu wa tiba ya mbizi hushauri mtu anywe maji kama kawaida yake. Kunywa ipasavyo na kuvumilia kidogo ni jambo jingine, nalo linafaa kabisa pale muda ulipo mfupi, kama kwenye ufa wa Silfra nchini Iceland, ambako maji huwa na nyuzi 2 hadi 4 na baridi yenyewe humtoa mtu kabla ya kibofu.

Scapa Flow si Silfra. Tarehe 21 Juni 1919 Admirali Ludwig von Reuter aliamuru meli za Ujerumani zilizozuiliwa pale zizamishwe na mabaharia wake wenyewe, na kati ya meli 74 zilizokuwapo, 52 zilizama. Nyingi ziliinuliwa baadaye, zikabaki saba ambazo ndizo wapiga mbizi huzifuata leo. Tatu kati ya hizo, König, Markgraf na Kronprinz Wilhelm, ni manowari kubwa zilizolala kwenye kina cha takriban mita 35 hadi 45. Anayezikagua kwa utulivu hulazimika, akirudi juu, kusimama njiani kwa dakika nyingi ili gesi itoke mwilini taratibu, na kisimamo hicho hakikatizwi kwa sababu ya kibofu. Hapo ndipo aliyejizuia hujuta, kwa kuwa mtu aliyebanwa husoma vibaya kompyuta ya mbizi aliyoivaa mkononi, hushindwa kutulia kwenye kina kimoja, na hutamani kupanda mapema.

Zipu ya haja ndogo

Zipu hii ni fupi, haipitishi maji, nayo huwekwa mbele ya suti ili mwanaume ajisaidie akiwa amesimama pasipo kuvua. Wapiga kasia wa kayaki huipenda, na wana haki, kwa sababu wao hukaa juu ya maji siku nzima na wanaweza kutua ufukweni. Kwa mpiga mbizi hutatua nusu tu ya tatizo, yaani muda wa kusubiri kabla ya kuruka na muda wa kupumzika baada ya kupanda. Chini ya maji haina kazi. Badala yake huongeza mahali pengine ambapo maji yanaweza kuingia, huhitaji kusafishwa na kupakwa nta au grisi yake, na chembe moja ya mchanga kwenye meno yake inatosha kuleta uvujaji. Mwanamke anaweza kuitumia kwa faneli maalumu, lakini kwenye sitaha inayoyumba na mbele za watu ni wachache wanaovumilia. Sioni sababu ya kuilipia kwenye suti ya kupigia mbizi.

Nepi

Nepi ya watu wazima, au pampasi kama wengi wanavyoiita, hudharauliwa kuliko inavyostahili. Haihitaji suti itobolewe, haina gundi, haichagui jinsia, hupatikana kwenye duka la dawa, na inaweza kutumika leo kwenye suti ya kukodi na kesho kwenye yako. Ndani yake mna chembechembe zinazonyonya mkojo na kuugeuza kuwa jeli, kwa hiyo nguo za joto hubaki kavu au karibu kavu ikiwa mtu ameitumia kwa akili.

Matumizi ya akili ndiyo yanayokosekana kwa wengi wanaoilaumu. Kiasi kinachotajwa kwenye pakiti hupimwa maabara, wala si kwenye paja la mtu aliyebanwa na nguo nene na mikanda. Haja moja ya mtu mzima huwa takriban mililita 300 hadi 500, na nepi nzuri ya usiku huimudu, mradi mkojo utolewe kidogo kidogo. Ukiufungulia wote kwa kasi, jeli haipati nafasi ya kunyonya na mkojo hukimbilia mapajani au mgongoni. Mkao nao una neno lake: ukiwa wima au umelala mlalo, mambo huenda sawa, ila ukiwa umeinamisha kichwa chini kuchungulia kwenye tundu la meli, mkojo ulio bado haujanyonywa hutiririkia kiunoni. Suti iliyoachwa ibane mwili kwa kunyimwa hewa wakati wa kushuka huikamua nepi jinsi ile ile, na hilo hutibiwa kwa kuongeza hewa kidogo, ambayo ilipaswa kuongezwa hata hivyo.

Ile ya kufunga kwa vibandiko ubavuni ni bora kuliko ile inayovutwa juu mithili ya chupi, kwa kuwa huondolewa pasipo kuvua kila kitu, na kaptura ya kubana ikivaliwa juu yake huizuia isilegee na kuteremka inapokuwa nzito. Ngozi ioshwe na kukaushwa mara tu mtu anapovua, la sivyo vipele havikawii. Nepi iliyotumika hufungwa kwenye mfuko na kurudi nayo nchi kavu, maana ina plastiki na haitupwi baharini wala kwenye choo cha mashua, ambacho huziba kwa vitu vidogo kuliko hivyo.

Udhaifu wake wa kweli ni wa aina mbili. Kwanza, ina kikomo: anayepanga kukaa saa tatu au nne ataijaza, na akiijaza hana la kufanya. Pili, ni lazima ibadilishwe kati ya mbizi moja na nyingine, jambo linalomaanisha kuvua suti. Lakini kwa ratiba ya kawaida ya Scapa Flow, ya mbizi mbili kwa siku zenye saa kadhaa katikati, watu wengi huvua suti kwa vyovyote ili wale na wapate joto. Kwa hiyo udhaifu wa pili, unaotajwa sana, mara nyingi hauna uzito wowote mahali hapo.

Vali isiyosawazisha na vali inayosawazisha

Vali ya mkojo hufungwa kwenye tundu linalotobolewa pajani mwa suti. Ndani yake mna kiwambo laini kinachoruhusu mkojo utoke na kuzuia maji yasiingie, na kutoka hapo mrija mwembamba huenda hadi kwenye katheta ya kondomu ya mwanaume (ala laini inayovalishwa uume) au kikombe maalumu cha silikoni cha mwanamke. Mkojo huenda moja kwa moja baharini, nguo hubaki kavu, na hakuna kikomo cha mara ambazo mtu anaweza kujisaidia. Kwa mbizi ndefu mno hakuna mbadala wa kweli: mwaka 2007 wapiga mbizi wa mapangoni Jarrod Jablonski na Casey McKinlay walipopita chini ya ardhi, ndani ya mapango yaliyojaa maji huko Florida, kutoka Turner Sink mpaka Wakulla Springs, umbali wa karibu kilomita 11, walikaa majini zaidi ya nusu siku pamoja na visimamo vya kupandia. Nepi haikutengenezwa kwa safari kama hiyo.

Tofauti ya aina mbili za vali iko kwenye hewa inayonaswa mrijani. Mpiga mbizi anaposhuka, huongeza hewa ndani ya suti ili ilingane na mgandamizo wa maji. Ila hewa iliyomo ndani ya katheta na mrija imetengwa na ile ya suti, kwa hiyo haiongezwi. Ujazo wake hupungua na nafasi inayobaki huanza kufyonza ngozi, hata uume ukavimba na damu kuvilia. Hiyo ndiyo hatari kuu ya vali isiyosawazisha. Dawa yake inajulikana, nayo ni kuujaza mrija: mtu hufungua kifuniko cha vali akiwa juu ya maji, hujisaidia kidogo mpaka mkojo uchukue nafasi ya hewa, kisha hushuka, kwa sababu kimiminika hakisinyai kama hewa. Dawa hiyo hudai kwamba uwe na mkojo wakati huo na uweze kuutoa huku mashua ikiyumba kando yako na wenzako wakikungoja, jambo ambalo kwa baadhi ya watu haliwezekani hata wakibanwa.

Wakati wa kupanda hutokea kinyume chake. Hewa iliyosalia hutanuka, na kifuniko kikiwa kimefungwa hutafuta njia nyingine, aghalabu kwa kuibandua katheta, na mara chache kwa kurudi kwenye njia ya mkojo. Mwenye vali ya aina hii anapaswa kuikumbuka mara nne katika mbizi moja: kabla ya kushuka, kabla ya haja, baada ya haja, na kabla ya kupanda. Upande wa faida, ina vipande vichache, bei yake ni ndogo, huoshwa kwa urahisi, na kifuniko chake kikifungwa huwa kizuizi cha pili dhidi ya maji endapo kiwambo cha ndani kimechakaa.

Vali inayosawazisha ina kijitundu cha pili kinachoiruhusu hewa ya suti iingie mrijani shinikizo la humo linaposhuka, na kiwambo kingine kinachozuia mkojo usirudi ndani ya suti. Mtu hashikwi na ule mfyonzo hata akisahau kuujaza mrija. Mimi naona faida yake kubwa zaidi ni kwamba vali nyingi za aina hii huweza kuachwa wazi tangu mwanzo mpaka mwisho, hivyo mtu aliyevaa glavu nene kwenye maji ya nyuzi 8 hana kifuniko cha kutafuta kwa kupapasa. Gharama ya starehe hiyo ni vipande vingi zaidi. Chumvi na utando mgumu wa mkojo hujijenga kwenye kijitundu, na kikiziba, vali hugeuka kuwa ile isiyosawazisha pasipo mwenyewe kujua, huku yeye akishuka kwa imani aliyoizoea. Kiwambo kikikwama wazi, mkojo huingia ndani ya suti. Kwa sababu hiyo ninapendekeza vali inayosawazisha kwa yule tu atakayekuwa tayari kuifungua na kuikagua mara kwa mara, na ambaye amesoma maelezo ya mtengenezaji wake, maana namna za kuifungua hutofautiana.

Kwa aina zote mbili, mahali pa tundu huamua mengi. Huwekwa sehemu ya ndani au ya mbele ya paja, na kabla ya kutoboa mvaaji avae suti pamoja na nguo zake za joto, akae, achuchumae, anyooke, avae glavu zake na ahakikishe mkono unafika. Mrija uwe na ulegevu wa kutosha ili hatua ndefu ya kupanda ngazi isiuvute. Kazi hii ni ya fundi wa suti. Tundu lililokatwa vibaya kwenye suti ya maelfu ya pauni halina marekebisho ya bei rahisi. Na mtu akiwa majini, kujisaidia huwa rahisi zaidi akilala mlalo, kwa kuwa akisimama wima hewa yote hukimbilia mabegani na suti hubana mapaja pamoja na mrija uliomo.

Katheta ya wanaume

Kwa wanaume sehemu inayoshindwa mara nyingi si vali, ni katheta. Hii ni ala laini ya silikoni yenye gundi kwa ndani, inayotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kuzuia mkojo, na huuzwa kwa vipimo vya kipenyo kuanzia takriban milimita 25 mpaka 40. Watengenezaji hutoa karatasi ya kupimia, na hapo majivuno huwaponza wengi: katheta kubwa kuliko mwili huvuja, na ndogo mno hubana damu. Nywele za karibu hupunguzwa, ngozi huoshwa na kukaushwa, mafuta ya mwili hayapakwi siku hiyo, na baada ya kuvalishwa hushikwa kwa muda mfupi ili joto la mkono liiamshe gundi.

Shingo ya katheta hupenda kujisokota, na ikijisokota mkojo hurudi kwa nguvu na kuibandua, kwa hiyo uelekeo wa mrija upangwe vizuri kabla ya nguo za joto kupandishwa. Jaribio la kwanza lifanyike nyumbani bafuni. Mtu aliyekwisha kuvaa katheta bado anaweza kwenda msalani kwa kuushika mwisho wake na kuuelekeza chooni, nalo ni jaribio zuri la asubuhi. Kosa la kawaida kuliko yote halina ufundi wowote: kusahau kuunganisha katheta na mrija kabla ya zipu kufungwa. Katika ukaguzi wa wenzi kabla ya kuruka, swali hilo liulizwe kwa sauti kama linavyoulizwa la hewa, hata kama watu watacheka.

Wanawake

Kwa miaka mingi jibu pekee kwa wanawake lilikuwa nepi, na kwa wengi bado ndilo bora. Kifaa kinachojulikana zaidi cha kuunganisha na vali ni She-P, kilichobuniwa Uholanzi, ambacho ni kikombe cha silikoni kinachofunika sehemu ya njia ya mkojo na kubandikwa kwa gundi ya kitabibu, kisha hutoa mrija mwembamba unaokwenda kwenye vali. Hutumiwa na vali inayosawazisha, kwa sababu mfyonzo kwenye eneo hilo laini ni jambo la kuepukwa kabisa.

Kinapokaa vizuri hufanya kazi, na wapo wanawake wanaopiga mbizi za saa nyingi wakikitegemea. Lakini uaminifu unadai kusema kwamba kinahitaji subira kuliko katheta ya kondomu. Nywele huondolewa, na ni vema iwe siku kadhaa kabla ili ngozi isiwe na michubuko gundi inapopakwa. Gundi huachwa ikauke kidogo kabla ya kubandika. Na maumbile hutofautiana kiasi kwamba mtu huhitaji majaribio kadhaa nyumbani kabla ya kujua kinakaa wapi kwake. Kukibandua kwa haraka huumiza, kwa hiyo hutolewa taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Kwenye mashua yenye choo kimoja na watu kumi na wawili wanaokingojea, shughuli hiyo hufanyika kabla ya kuondoka nyumba ya kulala wageni, na kuanzia hapo mvaaji hujisaidia kupitia mwisho wa mrija mpaka atakapouunganisha. Mwanamke anayekwenda wiki moja kwa mwaka, kwa mbizi za saa moja moja, sioni kwa nini ajibebeshe hayo yote wakati nepi ipo.

Usafi na maambukizi

Hapa ndipo uchaguzi unapoamuliwa, ingawa wauzaji hupapitia kwa haraka. Richard Harris, daktari wa usingizi wa Australia ambaye mwaka 2018 alijulikana duniani kwa kushiriki kuwaokoa vijana kwenye pango la Tham Luang nchini Thailand, aliandika mwaka 2009 katika jarida la tiba ya mbizi kuhusu maambukizi na majeraha ya shinikizo yanayowapata watumiaji wa vali za mkojo. Sababu si ngumu kuielewa. Mrija wenye unyevu uliokaa usiku kucha kwenye mfuko wa vifaa ni makazi mazuri kwa vijidudu, Pseudomonas miongoni mwao, na mrija huo huo kesho yake huunganishwa tena karibu kabisa na njia ya mkojo. Mtu aliyezoea kusikia UTI ikitajwa kama jambo la kawaida asidhani kwamba maambukizi ya namna hii huisha yenyewe kila mara; homa, maumivu wakati wa haja au korodani kuvimba ni mambo ya kupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe kuhusu vali, kwani hataifikiria mwenyewe.

Usafishaji wenyewe hauchukui muda mrefu. Baada ya mbizi, maji safi hupitishwa mrijani kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Jioni hupitishwa dawa ya kuua vijidudu isiyoharibu silikoni na raba, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, kisha husuuzwa na kuning'inizwa ukauke. Utando mgumu huyeyushwa kwa siki. Katheta hutumika mara moja na kutupwa, na mrija hubadilishwa unapoanza kuwa na rangi au harufu. Tatizo ni kwamba hili hufanywa kila siku ya mbizi, na siku ya nne ya wiki yenye mvua ndiyo huwaonyesha walio tayari na wasio tayari.

Nani achague nini

Anayekodi suti, au anayevaa suti kavu kwa mara ya kwanza, achukue nepi, na asitoboe wala kununua chochote mpaka ajue kama baridi anaiweza. Anayekwenda Scapa Flow kwa mbizi mbili za kawaida kwa siku, mwanamke au mwanaume, bado nampa nepi, pamoja na akiba ya kubadilisha mchana. Mwanaume ambaye zipu yake hukaa imefungwa zaidi ya saa mbili mara nyingi kwa mwaka, anayekwenda kwenye manowari zile kubwa na kusimama kwa muda mrefu njiani, ana sababu halali ya vali, na baina ya zile mbili achukue inayosawazisha. Ile isiyosawazisha naiachia yule ambaye tayari anayo kwenye suti aliyoinunua kwa mtu, anaijua tabia yake, na huujaza mrija pasipo kukumbushwa. Mwanamke wa mbizi ndefu aanze majaribio ya kikombe miezi kabla ya safari, huku akiendelea kuvaa nepi mpaka atakapokiamini.

Anayeagiza suti mpya na kuamua kuwekewa vali kiwandani amweleze mtengenezaji atavaa glavu gani na nguo za joto za unene gani. Akiulizwa ni paja lipi, ataje lile lisilo na mfuko wa vifaa, kwa sababu mfuko uliojaa huegemea mahali hapo hapo na kuukunja mrija kila mtu anapopiga teke.